Maji ya Hola



Ukivuka Kitui kuelekea mashariki, unaingia Tana River. Huko, kando ya Mto Tana, ndiko Hola iliko, nako ndiko ninakowaomba twende kuzuru pamoja.

Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu wa vita vya Mau Mau walipelekwa kwa nguvu kuchimba mfereji wa kumwagilia mashamba. Waliikataa kazi ya shuruti, wakapigwa virungu hata 11 wakafariki. Serikali ya kikoloni ikatangaza ya kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo haukudumu. Uchunguzi wa mahakama ulithibitisha kuwa waliuawa na vipigo, na mwezi Julai mwaka huo huo Bunge la Uingereza likalijadili jambo hilo.

Nikiwa wakili, hapo ndipo ninapowaomba mtue. Tangazo la wenye mamlaka halikuangushwa na bunduki. Liliangushwa na ushahidi wa majeraha. Lakini hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yale, na ukweli usio na hukumu ni nusu ya haki.

Mwaka 1991 tulirudishiwa vyama vingi. Kura pekee haimlindi aliye korokoroni. Basi mtu akifia mikononi mwa askari, tusitosheke na taarifa ya kwanza: tudai daktari aupime mwili, nalo kanisa liwakinge mashahidi.

Twende Hola tukawaombee wale 11, kisha turudi tukiwa mashahidi.