Leseni ya Redio Yetu Isiombwe Gizani

Wachungaji mliotupa nafasi hii baada ya ibada, wazee wetu, akina mama na vijana,

Leseni ya kituo chetu inakaribia kumalizika. Mmeambiwa kwamba kuiomba upya ni kazi ya meneja na mhasibu: wajaze fomu, walipe ada, wangoje. Mimi sikubali.

Wenye mvi humu ndani wanakumbuka. Mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, kituo kidogo kilifunguliwa Homa Bay, kikatangaza kwa Kijaluo, na wananchi wakasikia mambo yao kwa lugha yao. Baada ya miaka michache tu serikali ikakifunga. Wangelalamika kwa nani, ikiwa mwenye mitambo ndiye aliyekuwa pia mwenye kutoa ruhusa? Hata Sehemu ya 2A ya Katiba ya zamani ilipofutwa Desemba 1991 na vyama vingi vikaruhusiwa, hewa ilibaki ya mmoja. Tulipiga kura mwaka 1992 tukiwa na KBC peke yake miongoni mwa redio za nchini. Capital FM, kituo cha kwanza cha binafsi, kilikuja 1996, tena Nairobi.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 34, inataka leseni zitolewe kwa ajili ya kuratibu masafa tu, na utaratibu huo usitawaliwe na serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara. Hata hivyo, Januari 2018 serikali ilizima Citizen, NTV na KTN kwa sababu ya kiapo cha Raila Odinga katika Uhuru Park. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe, nazo zikaendelea kukaa gizani siku kadhaa. Juni 2025 mitambo ilizimwa tena kwa ajili ya matangazo ya moja kwa moja ya maandamano, mpaka mahakama ikaingilia. Wakubwa hao wana mawakili. Sisi tuna mlingoti mmoja.

Lakini siogopi sana kufuli litakalotoka Nairobi. Naogopa lile tulilokwisha kujifungia wenyewe. Mwezi uliopita kipindi kuhusu fedha za basari kiliondolewa, pakawekwa muziki. Niliuliza kwa nini. Nikajibiwa, “Mzee, tungoje leseni itoke kwanza.” Hakuna barua iliyokuja, hakuna aliyepiga simu. Tulijinyamazisha bure, na watoto waliokosa karo bado wako nyumbani.

Kwa hiyo naomba haya. Maombi yapelekwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano mapema, wala si siku ya mwisho, ili asiwepo atakayetufunga kwa kisingizio cha kuchelewa. Hesabu za kituo zisomwe hapa, mbele ya wote, hata pale zinapotuaibisha (na nijuavyo mimi, zipo mahali zitatuaibisha). Wanahalmashauri ambao muda wao umekwisha wachaguliwe upya. Nakala ya barua iliyopigwa mhuri na risiti ya ada ziwekwe pia katika ofisi ya kanisa, maana karatasi za ofisi moja hupotea.

Na kile kipindi cha basari kirudi Alhamisi hii, kabla fomu haijatumwa. Mtangazaji amekubali. Anahitaji wazazi wawili watakaozungumza kwa majina yao. Walio tayari wanione pale mlangoni.