Shukrani Mbele ya Mizani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Wanachama, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Tumeagizwa na Halmashauri kunena maneno machache juu ya shukrani, na tulipopokea agizo hilo tulicheka kidogo. Sisi tuliokaa miaka mingi katika meza za makarani wa vyama vya msingi tumezoea kusikia manung'uniko, na kwa kweli mengi tuliyoyasikia yalikuwa ya haki. Basi hatukusimama hapa kuwaambia wakulima wa Kagera washukuru kwa bei yo yote watakayopewa. Amwambiaye mwenzake aliyepunjwa kwamba aridhike hamfundishi shukrani, bali amfunga mdomo.

Tuanze na jambo lililomo nyumbani mwa kila mmoja wetu. Kahawa yetu, kabla ya kuwa fedha, ilikuwa ukarimu. Mibuni ilikuwamo vibanjani kabla Wadachi hawajatia mguu katika nchi hii. Mababu walichuma buni zikiwa mbichi bado, wakazichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazianika. Na mgeni alipobisha hodi, aliwekewa kahawa ya kutafuna kwanza, ndipo akaulizwa haja yake. Tena watu wawili walipotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana, walitwaa punje mbili za tunda moja, kila mmoja akaipaka yake damu na kumpa mwenzake aimeze. Hata leo, katika nyumba nyingi, kikapu kidogo cha kahawa hiyo hakikosekani. Twakipitisha mkono kwa mkono huku tukilalamika kwamba nyumbani hamna kitu.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Vitu tunavyoviona kila siku twaacha kuvihesabu. Mkulima aamka asubuhi, apita chini ya migomba iliyotia kivuli juu ya mibuni, aruka maharage yaliyopandwa katikati, akanyaga samadi iliyotandazwa jana na watoto wake, kisha afika njiani na kumwambia jirani kwamba hana cho chote. Hasemi uongo, fedha mfukoni hana. Lakini mtu asiyejua alicho nacho huuza upesi, na huuza rahisi.

Ndugu Wanachama, twataka kusema habari za butura, ijapokuwa siku ya sikukuu si desturi kuitaja. Kahawa yetu ya robusta, tangu ua hata tunda kuiva, hukaa yapata miezi tisa hata kumi na mmoja. Katika miezi hiyo ada za shule hudaiwa, mtoto huugua, msiba huingia. Ndipo huja mtu usiku na fedha taslimu, akanunua kahawa ingali ua juu ya mti, kwa kipimo cha debe, tena debe lake mwenyewe. Wengine hutaka kutuambia kwamba wauzao butura ni watu wa tamaa. Sisi twakataa. Wengi wao ni watu wenye shida, na baadhi yao tumeketi hapa mbele. Naam, hata sisi tunaonena tumeuza. Mwaka mmoja tulikuwa na mgonjwa ndani, tukauza debe kumi zingali maua. Na msimu ulipofika tulisimama kando ya jamvi, tukiitazama kahawa tuliyoipalilia, kuichuma na kuianika wenyewe ikichukuliwa, wala hatukuwa na haki ya kusema neno. Machungu ya siku ile hatujayasahau. Lakini jambo lililotuumiza zaidi ni kugundua baadaye kwamba katika mfuko wa kukopeshana wa chama chetu cha msingi mlikuwamo fedha za kututosha. Hatukuomba. Tuliona haya, na tena tulikwisha zoea kusema kwamba chama hakina kitu, hata tukayaamini maneno yetu wenyewe.

Kwa upande wa pili, tulimwona mama mmoja, mwanachama, aliyeleta gunia lake la maganda katika kituo cha kununulia. Karani akapima, akaandika. Mama akasema, "Ahsante, mwanangu. Sasa nisomee." Akasomewa. Akasema, "Ahsante. Sasa lipime gunia tupu." Nyuma yake watu wakaanza kunung'unika, maana jua lilikuwa kali. Gunia likapimwa, stakabadhi ikasahihishwa, naye akashukuru mara ya tatu na kwenda zake. Alijua kwamba kilo mbili za maganda zikikobolewa hutoa yapata kilo moja tu ya kahawa safi, kwa hiyo hakutaka hata robo ipotee. Hatujapata kuona mtu aliyeridhika kama yule, wala mtu aliyekuwa mgumu kupunjwa kama yule.

Yapo mambo yasiyo mikononi mwetu. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vya nchi hii vilivunjwa, mpaka sheria ya mwaka 1982 iliporuhusu viundwe tena. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka duniani kote. Wazee wetu hawakuulizwa katika hayo yote. Walakini wengi wao hawakung'oa mibuni. Waliendelea kupalilia, na mibuni mingine tunayoichuma leo ni ile ile waliyoiacha.

Bado tuna deni moja, nalo ni la shukrani. Tunajua nani huchuma, nani huanika, na nani hukimbia kuikusanya kahawa mvua inapotanda. Mara nyingi ni wake zetu na binti zetu. Kisha twafungua daftari la wanachama, na ukurasa baada ya ukurasa twasoma majina ya wanaume. Kumwambia mke ahsante jioni ni jambo jema, lakini daftari liko wazi, na kiingilio ni kile kile. Twaiomba Halmashauri iwaruhusu makarani waandikishe leo hii, kabla ngoma hazijaanza.

Bwana Mwenyekiti, tumeona kikapu cha kahawa kimekwisha anza kupita safu za nyuma, nasi hatupendi kukizuia. Wageni wetu watafune polepole, maana ina uchungu mwanzoni. Meza ya kuandikisha iko chini ya mwembe, karibu na mizani.