Refa Naye ni Mtoto wa Mtu

(Maneno tuliyosema mbele ya viongozi wa timu za vijana, Kitale na Bungoma)



Tumeombwa tuseme habari za marefa. Sisi ni waamuzi wa kujitolea, wengine wa upande wa Kitale, wengine wa Bungoma. Kati yetu kuna walimu, fundi wa baiskeli, muuza mahindi, na akina dada wawili wanaoshika vibendera. Hakuna anayelipwa mshahara. Tukipata nauli na soda, twashukuru.

Tuanze na lile lililotuuma. Mwaka 2019 sheria ya goli-kiki ilibadilishwa. Zamani mpira ulikuwa lazima utoke nje ya eneo la penalti kabla mtu yeyote hajaugusa tena. Siku hizi ukishapigwa na kusogea, mchezo umeanza. Sasa, katika fainali moja beki alipokea mpira mlemle ndani, mshambuliaji akaingia mbio, akamnyang'anya na kufunga. Refa wetu, ambaye hakuwa amesikia habari hiyo, akakataa bao na kuamuru mpira upigwe upya. Lakini kocha alikuwa na sheria mpya kwenye simu yake! Mawe yakaanza. Tulimficha mwenzetu jikoni, kwa akina mama waliokuwa wakipika, mpaka giza likaingia. Alishonwa kichwani.

Kumpiga mtu ni dhambi na ni kosa la jinai. Lakini tuseme kweli: bao lile lilikuwa halali, na kosa lilikuwa letu. Wenzetu wa upande wa pili walikuwa wameshajua mabadiliko yale, wala hawakutuambia, kwa maana hapakuwa na njia ya kuambiana.

Ndipo tukaanzisha daftari. Ni kaunta-buku ya kawaida tu. Kila refa akitoka uwanjani anaandika: jambo gani lilileta ubishi, aliamua nini, na kwa sheria ipi kati ya zile 17. Daftari husafiri kwa matatu, Kitale hadi Bungoma kupitia Webuye, na kurudi. Mwisho wa mwezi tunakaa pamoja tunasoma. Wengine waliona haya mwanzoni, maana nani anataka makosa yake yasomwe na watu wa kaunti nyingine? Ila aliyeshonwa kichwa ndiye aliyeandika wa kwanza, basi wengine wakanyamaza wakaandika.

Kuna jambo la pesa pia. Mwaka 2018 mwamuzi msaidizi wa Kenya, aliyekuwa kwenye orodha ya kwenda Kombe la Dunia kule Urusi, alijiondoa baada ya kuonekana kwenye filamu ya waandishi wa habari akipokea dola 600. Safari ya Kombe la Dunia ikapotea hivyo! Kwetu hakuna dola, kuna kuku na "ya chai". Hasa mashindano ya wanasiasa yakikaribia uchaguzi, bahasha hutembea. Kwa hiyo tumekubaliana: nauli inalipwa na timu zote mbili kwa mweka hazina, kabla ya mechi, na hatuli chakula cha timu moja. Fainali ya Bungoma ichezeshwe na watu wa Kitale, na ya Kitale na watu wa Bungoma.

Hapo ndipo tunawahitaji ninyi. Refa wa kutoka mbali ana nauli kubwa kuliko jirani, na kamati nyingi hukataa. Tafadhali msikatae. Kila timu itoe pia watu wawili wazima, si vijana wa kelele, wamsindikize refa mpaka stendi. Na anayetaka kuuliza jambo uwanjani awe ni kapteni peke yake.

Daftari liko pale mezani, karibu na birika la chai. Mnaruhusiwa kulisoma, hata kurasa zinazotuaibisha.