Kano za Punda: Uvimbe Ukiisha, Kazi Isianze



Wahenga walisema, "Afe punda, mzigo ufike." Kwa chama cha ushirika usemi huo ni hasara. Mzigo ukifika leo na punda asiweze kutembea kesho, mwenye mkokoteni amepoteza mtaji, na mkopo wa chama haulipiki.

Nyuma ya mfupa wa chini wa mguu wa farasi, na vivyo hivyo wa punda, hakuna misuli minene, zipo kano. Baadhi huunganisha misuli ya juu na mifupa ya chini. Nyingine huunganisha mfupa na mfupa na kukishikilia kifundo kisishuke. Mnyama akilemewa, au akiteleza katika mteremko mkali kama wa kilima cha Wazo, nyuzi za kano huweza kukatika. Mguu huvimba, hupata joto, na mnyama huchechemea.

Uvimbe huo waweza kupungua katika wiki chache, naye mnyama akafungwa tena mkokotenini ilhali kano haijaunga. Kano hupata damu kidogo, kwa hiyo hupona polepole. Jeraha kubwa huhitaji miezi 9 hadi 12, au zaidi.

Tangu miaka ya 1980 madaktari wa farasi wamekuwa wakizitazama kano kwa altrasaundi, kwa kuwa eksirei huonyesha zaidi mfupa. Manyoya hunyolewa, ngozi hupakwa jeli, na mashine hupeleka ndani sauti isiyosikika na binadamu. Mwangwi wake hufanya picha: nyuzi nzima huonekana kama mistari myeupe, na palipokatika huonekana doa jeusi. Kipimo hurudiwa kila baada ya miezi kadhaa kabla ya kazi kuongezwa.

Mashine hiyo haipo katika kila kata. Hata hivyo, kila Katibu aweza kusimamia mambo matatu. Kwanza, kila jioni mguu uinuliwe, kano zipapaswe kwa vidole na kulinganishwa na za mguu wa pili. Pili, penye joto au uvimbe kazi isimame siku hiyo hiyo, mguu upoozwe kwa maji baridi, na bwana mifugo aitwe. Tatu, tarehe ya jeraha iandikwe katika daftari la chama, ili kamati ihesabu miezi ya mapumziko na kuahirisha marejesho ya mwanachama huyo. Mwenye deni linalomsonga hawezi kuachiwa peke yake kuamua siku ya punda kurudi kazini.