Bingwa wa Kiti cha Magurudumu Aliyeingia Bungeni



Mazungumzo ya leo yanamhusu mwanamke wa Uingereza anayeitwa Tanni Grey-Thompson. Wapenzi wa riadha wanamjua kwa medali 16 za Michezo ya Paralimpiki, yaani Olimpiki ya watu wenye ulemavu, na 11 kati ya hizo ni za dhahabu. Lakini tangu mwaka wa 2010 yeye pia ni mbunge katika Baraza la Malodi, ambalo ni bunge la juu la Uingereza. Humo ndani anauliza maswali ambayo huulizwa hata hapa kwenye vikao vya wadi. Jengo hili linaingilika? Gari hili linapandikaje? Na uamuzi huu ulifanywa na nani, bila kutuita?

Alizaliwa Cardiff, mji mkuu wa Wales, tarehe 26 Julai 1969. Jina lake la kuzaliwa ni Carys. Dadaye, ambaye naye alikuwa mtoto, alimwita kwa neno la Kiingereza la kitu kidogo sana, ulimi ukateleza ikawa Tanni, na jina likamganda mpaka leo. Alizaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo ambao haukufunga sawasawa akiwa tumboni. (Akina mama mnaohudhuria kliniki: vile vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki mnavyopewa vina kazi. Asidi ya foliki, ikitumiwa kabla ya mimba na katika wiki zake za kwanza, hupunguza uwezekano wa mtoto kupata hali hii. Msiviache kabatini.) Mwanzoni Tanni alitembea. Kadiri alivyokua miguu ilizidi kuishiwa nguvu, na alipofika umri wa miaka 7 hivi alikuwa anatumia kiti cha magurudumu.

Pigano la kwanza katika maisha yake lilikuwa la shule, na waliolipigana ni wazazi wake. Wakati ule mtoto wa kiti cha magurudumu alitarajiwa kupelekwa shule maalum, awe na akili za kusoma au asiwe nazo, maana kilichoangaliwa ni miguu. Mwaka wa 1978 ilitoka ripoti ya serikali iliyoandaliwa na kamati ya Mary Warnock, iliyosema kwamba watoto wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao pale inapowezekana. Wazazi wa Tanni wakaishika ripoti hiyo. Waliwakabili nayo maafisa wa elimu, wakaonyesha wazi kuwa wako tayari kwenda mahakamani, na binti yao akaingia shule ya sekondari ya kawaida. Baba yake alikuwa msanifu wa majengo, mtu anayejua kwamba ngazi haikuota pale mlangoni yenyewe. Kuna mtu aliichora.

Hapa Kenya shule maalum zimewaokoa watoto wengi ambao wangefichwa nyumbani, na hakuna haja ya kuzibeza. Jambo la kuzingatia katika kisa hiki ni kwamba wazazi hawakwenda kuomba huruma. Walikwenda na karatasi mkononi.

Alianza mbio akiwa na miaka 13. Kiti cha mbio si kama kile cha hospitalini. Kina magurudumu matatu: mawili makubwa nyuma, yaliyolazwa kidogo ili kiti kisipinduke kwenye kona, na moja dogo mbele kabisa, mwisho wa chuma kirefu. Mwanariadha hujikunja kifua kikielekea magotini, huvaa glavu ngumu, na hasukumi tairi lenyewe. Hupiga kwa nguvu bangili iliyofungwa ubavuni mwa gurudumu, mara mia na mia tena, mpaka mabega yanawaka. Anayedhani ni mchezo wa kuonewa huruma ajaribu mita 100 tu.

Michezo yake ya kwanza ya Paralimpiki ilikuwa Seoul mwaka wa 1988, akarudi na shaba ya mita 400. Baadaye upasuaji wa mgongo ukamweka nje ya uwanja kwa muda. Aliporudi, Barcelona mwaka wa 1992, alichukua dhahabu nne, za mita 100, 200, 400 na 800, na akawa mwanamke wa kwanza kumaliza mita 400 kwa kiti cha magurudumu chini ya sekunde 60. Atlanta mwaka wa 1996 haikuwa tamu hivyo: dhahabu moja, na fedha kadhaa. Sydney mwaka wa 2000 akazoa tena dhahabu nne zilezile. Athens mwaka wa 2004 alishindwa vibaya kwenye mita 800, mbio alizozoea kutamba, wengi wakasema amekwisha. Akaondoka huko na dhahabu za mita 100 na 400. Katikati ya hayo alishinda London Marathon mara sita. Ushindi wa mwisho ulikuwa Aprili 2002, miezi michache tu baada ya kujifungua binti yake. Alistaafu mwaka wa 2007.

Sasa turudi kidogo kwenye mwaka ule wa Sydney. Kila mwisho wa mwaka Uingereza huwa na hafla kubwa ya kumtuza mwanamichezo bora, inayoonyeshwa moja kwa moja kwenye runinga. Mwaka wa 2000 Tanni alishika nafasi ya tatu kwa kura za watazamaji. Wenzake walipanda jukwaani kuchukua tuzo zao. Yeye alibaki chini, kwa sababu jukwaa lilikuwa na ngazi na hakuna aliyekumbuka kuweka rampu. Taifa zima lilikuwa linampigia makofi mtu ambaye halikumtengenezea njia ya kupanda. Lawama zilikuwa nyingi, radhi zikaombwa, na tangu hapo kisa hicho hutajwa kila mara majukwaa yanapojadiliwa. Ikumbukwe kwamba waandaaji hawakuwa na chuki naye. Hawakumfikiria tu, na mara nyingi hivyo ndivyo mtu mwenye ulemavu anavyofungiwa nje.

Siasa hakuziingia kwa bahati. Shahada yake ya Chuo Kikuu cha Loughborough, aliyoipata mwaka wa 1991, ilikuwa ya masomo ya siasa. Hata hivyo lazima isemwe wazi kwamba hakuwahi kuomba kura. Wabunge wa Baraza la Malodi hawachaguliwi na wananchi; wengi huteuliwa, na yeye alipitia tume inayopendekeza watu wasio na chama. Anakaa kwenye viti vya wasiofungamana na upande wowote, kwa hiyo hakuna kiranja wa chama wa kumwambia apige kura vipi. Huo ni uhuru mkubwa. Lakini nguvu za baraza hilo zina mipaka: linaweza kurekebisha mswada na kuurudisha, ila neno la mwisho liko kwa bunge la chini, lile linalochaguliwa.

Ndani ya mipaka hiyo amefanya kazi isiyo na shangwe za uwanjani. Miswada ya mwaka wa 2011 na 2012 ilipokuja kubadilisha misaada ya serikali kwa watu wenye ulemavu, alikuwa miongoni mwa waliokesha wakipitia vifungu. Katika mswada wa msaada wa kisheria, alipinga wanyonge kulazimishwa kutafuta ushauri kwa simu tu, maana si kila mtu anaweza kueleza shida yake kwa simu. Mwaka wa 2017 aliikabidhi serikali ripoti kuhusu wajibu wa kuwalinda wanamichezo dhidi ya unyanyasaji, akapendekeza awepo afisa huru wa kupokea malalamiko yao. Amepinga pia sheria ya kuwaruhusu wagonjwa mahututi kusaidiwa kufa, akihofia kwamba mtu mwenye ulemavu ataanza kujiona mzigo. Katika hilo wapo watu wenye ulemavu wasiokubaliana naye, na wana hoja zao.

Jambo lililomrudisha kwenye magazeti mwaka wa 2024 lilikuwa treni. Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1995 ilileta masharti ya treni zinazofikika, na tarehe ya mwisho ya kuyatimiza ikawekwa kuwa 1 Januari 2020. Mwezi wa Agosti 2024, akiwa safarini kuelekea Michezo ya Paralimpiki ya Paris, treni yake ilifika London usiku na hakuna aliyekuja kumwekea rampu. Akasubiri. Mwishowe alirusha mizigo yake nje, akashuka kwenye kiti, akajikokota mwenyewe mpaka sakafu ya stesheni. Mbunge. Bingwa mara 11. Alisema hadharani kilichotokea, na wahusika wakaomba radhi. Ikiwa yeye mwenye jina, sauti na kiti bungeni alitambaa, fikirieni yule asiye na lolote kati ya hayo.

Kisa hicho kina ndugu yake, na huyo ni wa kwetu. Anne Wafula Strike, mzaliwa wa Bungoma aliyepata polio utotoni, aliiwakilisha Kenya kwa kiti cha mbio Athens mwaka wa 2004, kabla ya kuwa raia wa Uingereza. Mwaka wa 2016, katika treni ya hukohuko, choo cha watu wenye ulemavu kilikuwa kimeharibika na hakuweza kujizuia. Wengi wangenyamaza kwa aibu. Yeye alisimulia hadharani, akisema aibu hiyo si yake.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu takriban watu 900,000 wenye ulemavu nchini Kenya, wa umri wa miaka 5 na zaidi. Katiba ya mwaka wa 2010 imewapa kile ambacho wazazi wa Tanni walilazimika kukisaka kwenye ripoti. Kifungu cha 54 kinatoa haki ya kufika katika maeneo yote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari, na kinaitaka serikali ihakikishe hatua kwa hatua kuwa angalau asilimia 5 ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa ni watu wenye ulemavu. Seneti ina viti viwili vyao, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mabunge ya kaunti nayo lazima yawe na wawakilishi wa makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu na vijana.

Wengi hawajui viti hivyo hupatikanaje, na wanaojua huwa hawasemi. Majina ya kuvijaza hayatafutwi baada ya kura. Hutoka kwenye orodha ambazo vyama hupeleka kwa tume ya uchaguzi siku 45 au zaidi kabla ya siku ya kupiga kura. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Anayekuja kuuliza nafasi mwezi wa Septemba amechelewa. Anayetaka jina lake liwe kwenye orodha ajiunge na chama mapema, ahudhurie mikutano yake, na adai kuiona orodha kabla haijafungwa. Hakuna pia kinachomzuia mtu mwenye ulemavu kugombea kiti cha kawaida. Timothy Wanyonyi, anayetumia kiti cha magurudumu, aliingia Bunge la Kitaifa mwaka wa 2013 kwa kura za watu wa Westlands.

Na kwa wale wasiotaka siasa: Hati ya Mkakati wa Fedha ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 28 Februari kila mwaka, na kabla ya hapo wananchi hutakiwa kutoa maoni. Rampu ya zahanati, choo kipana sokoni na mkalimani wa lugha ya ishara kwenye vikao ni mambo yanayohitaji pesa, na pesa hupangwa wakati huo. Kikao cha wadi kikiitishwa kwenye ukumbi wenye ngazi, mwambieni msimamizi wa wadi mapema akihamishie chini ya mti au kwenye uwanja wa shule. Maoni yanaweza pia kuletwa kwa maandishi, na jirani anaweza kukuandikia.