TAA ZA LORI LETU

Maneno ya Katibu katika mkutano wa wanachama wa ushirika. Yameandikwa hapa ubaoni kwa ajili ya waliokuwa shambani, na wale waliokaa nyuma wasisikie vizuri.



Nimepewa nafasi nieleze jambo la taa za lori. Najua wengine mmekwisha kulisikia njiani, tena limetiwa chumvi. Wapo wanaosema kamati inataka kuchukua fedha za kahawa ilipambe lori liwake kama basi la Dar es Salaam. Hapana jamani. Nipeni nafasi nieleze.

Lori letu linashuka na ndizi usiku. Sababu mnaijua: mkungu ukichelewa sokoni, bei imekwisha kwenda zake. Linatoka huku juu saa tisa za usiku, linapita kwenye kona na ukungu mpaka Himo, halafu linashika barabara kubwa ya kwenda Moshi, ile ile wanayopita malori ya kutoka mpakani Holili. Saa hizo barabarani yuko nani? Wako akina mama wanaokwenda sokoni na mizigo kichwani. Yuko kijana wa bodaboda kapakia watu wawili na gunia. Yuko mzee anatoka msibani. Hao ni watu wetu wenyewe. Na yule wa pikipiki akilifuata lori letu kwenye ukungu, kitu cha kumwokoa ni vitaa viwili vyekundu tu.

Basi mwezi uliopita lori limerudi mara tatu taa moja ya nyuma imekufa. Siku nyingine zilikuwa zimekufa zote mbili, na dereva hakujua mpaka utingo aliposhuka kuchimba dawa.

Kwa nini zinakufa? Balbu ya zamani ina uzi mwembamba ndani yake. Umeme ukipita, uzi unapata moto mpaka unang'aa. Sasa uzi wenye moto ukiutikisa unakatika, na barabara yetu kabla ya kufikia lami mnaifahamu, mawe na makorongo. Halafu kuna maji. Masika yakianza maji yanaingia ndani ya taa, kutu inashika pale balbu inapogusana na chuma, na ule waya wa ethi uliofungwa kwenye bodi unaliwa kidogo kidogo. Fundi anaweka balbu mpya, wiki mbili imekufa, tunalipa tena. Risiti zote mhasibu anazo kwenye faili, anayetaka akajumlishe mwenyewe.

Taa za LED hazina uzi. Ndani yake mna punje ndogo kama za ulezi, na umeme ukipita punje inatoa mwanga bila kungoja kuwa moto kwanza. Punje nyekundu inayoonekana kwa macho aliitengeneza Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962. Nyeupe ilichelewa sana, maana ilitakiwa ipatikane kwanza ya bluu, na wataalamu watatu waliozaliwa Japani walioifanyia kazi hiyo, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Msidhani ni kitu kigeni kwenu. Tochi ya simu yako ni LED. Taa ya sola ya pale nyumbani ni LED.

Faida ya kwanza ni umeme. Tufanye hesabu pamoja, kama tulivyokuwa tukifanya darasani kwenye kisomo. Balbu ya indiketa ni wati 21. Lori likiharibika kilimani usiku, dereva anawasha indiketa zote nne kwa pamoja, hiyo wanayoiita hazadi. Nne mara 21 ni wati 84. Betri zetu ni mbili za volti 12 zilizounganishwa zikawa volti 24, basi gawanya 84 kwa 24, unapata ampea tatu na nusu kila taa zinapowaka. Betri imechoka, alfajiri haijafika, taa zimefifia, na lori limesimama gizani na matawi ya mgomba nyuma yake. Taa ya LED ya kazi hiyo hiyo inatumia wati chache tu. Hapo hazadi inaweza kukesha mpaka fundi afike. Hayo matawi nayo, jamani, tuyaache, tununue pembetatu zinazong'aa, maana jani bichi usiku halionekani mpaka umelikanyaga.

Faida ya pili ni breki. Uzi wa balbu unahitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde mpaka uwake sawasawa. LED inawaka papo hapo. Mtasema muda huo ni mdogo. Gari la nyuma likienda kilomita 60 kwa saa, katika muda huo limekwisha kwenda mita tatu na kitu, yaani hatua nne za mtu mzima. Hatua nne kwenye ule mteremko si haba.

Mzee mmoja aliniuliza juzi, mbona malori ya zamani yalibeba kahawa yetu mpaka KNCU Moshi kwa balbu hizo hizo, na KNCU ipo tangu 1933? Ni kweli, mzee wangu. Lakini zamani hizo ulikuwa unapishana na magari mangapi? Na bodaboda ilikuwepo?

Sasa nifike pale ambapo vijana hamtanipenda. Dereva wetu na utingo wake wanataka LED za mbele pia, zile balbu nyeupe zinazouzwa mjini, unachomoa ya zamani unachomeka mpya. Kamati imekataa, na mimi nilikuwa wa kwanza kukataa. Taa kubwa ya mbele imetengenezwa na kioo chake kikiwa na vipimo vya uzi wa balbu ile ile, pale pale ulipo. Ukitia balbu ya namna nyingine, mwanga hauendi ulikopangiwa, unatawanyika juu na pembeni. Wewe dereva unaona mbele yako kweupe unafurahi. Anayekuja mbele yako ameshika macho, haoni kona wala mtu. Na kwenye ukungu wa huku juu mwanga ule mkali unakurudia usoni mwako mwenyewe. Siku tukiwa na fedha ya kununua taa nzima ya mbele iliyotengenezwa kuwa LED, na kioo chake, tutaleta hoja. Kwa sasa balbu za mbele zibaki za zamani, zisafishwe, na fundi azipime zisielekee juu lori likiwa limejaa mzigo. Lori likilala nyuma kwa uzito, taa za mbele zinatazama mawinguni, hilo wengi hawalijui.

Kwa hiyo tunachoomba ni taa za nyuma, za breki, indiketa, na zile ndogo za pembeni za kuonyesha urefu wa bodi. Tununue taa nzima zilizozibwa zisipitishe maji wala vumbi. Watakaotumwa mjini wawe watatu, waulize maduka matatu, na wasome maandishi ya nyuma ya taa. Iandikwe volti 24, au volti 10 mpaka 30. Ya volti 12 peke yake itaungua siku hiyo hiyo. Watafute pia herufi E ndani ya duara na namba yake. Rangi zisichezewe: nyuma nyekundu, indiketa rangi ya chungwa.

Fundi naye asimamiwe. LED ina upande wa chanya na hasi, akigeuza waya haiwaki, asije akasema ni mbovu. Indiketa zitapepesa mbio mbio, kwa sababu ile flasha ya zamani imezoea mzigo mkubwa wa balbu. Abadilishe flasha, aweke ya LED. Wapo wanaofunga rizista kuidanganya ya zamani, nayo inachemka na kula umeme wote tuliotaka kuuokoa.

Hasara nazo niziseme. Bei ni kubwa kuliko balbu. Ikifa hubadilishi balbu, unabadilisha taa nzima, basi tuweke ya akiba moja moja stoo. Haichemki kama balbu, kwa hiyo tope haliwezi kukauka lenyewe likadondoka. Utingo atembee na kitambaa na dumu la maji, afute kabla ya kuondoka Himo. Na wezi watazipenda, hivyo lori lisilazwe tena pale njia panda, lilale uani kwa mlinzi.

Taa mbili za mfano tumeazima, ziko ofisini mezani kwa mhasibu pamoja na betri. Njooni mziwashe wenyewe kabla ya Jumamosi. Siku hiyo tutapiga kura baada ya kupima kahawa.