Usiku Mmoja Chini ya Hema

Leo nataka kusema na wazazi, hasa akina baba wenye watoto wadogo.

Fungua Biblia yako, Mambo ya Walawi mlango wa 23, kuanzia mstari wa 33. Hapo Mungu anawaagiza Waisraeli washike Sikukuu ya Vibanda. Walikuwa na nyumba zao. Hata hivyo, kila mwaka baada ya kuvuna, iliwapasa kukaa siku saba katika vibanda vya matawi. Kwa nini? Mstari wa 43 unatueleza kuwa ni kwa ajili ya vizazi vyao, wajue jinsi Mungu alivyowakalisha babu zao vibandani alipowatoa Misri. Bila shaka mtoto alimwuliza babaye, "Baba, mbona tunalala nje?" Hapo baba akapata nafasi ya kumsimulia matendo ya Mungu.

Ndugu zangu, hapa kwetu Kakamega akina baba wengi hufanya kazi mbali, Nairobi au Mombasa. Hutuma karo na fedha za unga, na hilo ni jema. Lakini baba akifika nyumbani, mtoto mdogo hujificha nyuma ya mama yake, kwa maana anaona mgeni. Tena yuko baba alalaye nyumbani kila siku, lakini jioni yake ni ya simu na marafiki. Mtoto wa huyo naye ni kama hana baba. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Je, utamkunja vipi usiyemshika?

Mungu ametuwekea zawadi mlangoni petu. Msitu wa Kakamega ni mabaki ya ile misitu mikubwa ya mvua ya Kongo, na Kenya hakuna mwingine kama huo. Huko Buyangu, kaskazini ya mji, katika hifadhi iliyotengwa mwaka 1985, pako mahali pa kupiga kambi. Nenda mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na mvua imepungua. Chukua hema, blanketi, sufuria na tochi. Zima simu. Mpe kila mtoto kazi yake: huyu alete maji, yule ashike tochi.

Usiku watasikia sauti wasizozijua, nao watakusogelea. Usiwacheke. Washike mkono. Siku watakapohubiriwa kwamba Mungu ni Baba, watakumbuka mkono ule gizani. Asubuhi mbega watanguruma juu ya miti. Pandeni kilima cha Buyangu, mtazame msitu ulivyotanda, kisha uwaulize, "Ni nani aliyeviumba hivi vyote?"

Labda utasema, "Mhubiri, mimi sina fedha za hema wala za kiingilio." Waisraeli nao hawakununua kitu, walitumia matawi. Tandika mkeka uani pako, washa moto, choma mahindi, mhesabu nyota. Kitu kisichoweza kukosekana ni wewe mwenyewe. Na mama unayelea peke yako, fanya vivyo hivyo. Mjomba na babu wakusaidie.

Kumbukumbu la Torati 6:7 yatuagiza kuwafundisha watoto tuketipo nyumbani, twendapo njiani, tulalapo na tuondokapo. Kazi hiyo haitumwi kwa simu kama fedha.

Tena ina wakati wake. Mtoto wa miaka 6 leo, baada ya Desemba 9 tu atakuwa na miaka 15, na huenda yuko shule ya bweni. Ni Desemba ngapi umekwisha kuziacha zipite?

Tuombe. Ee Baba, wewe hukutuma zawadi tu. Ulikuja kukaa kwetu katika Mwanao. Utufundishe nasi kukaa na watoto wetu, kabla hawajatuzoea kama wageni. Kwa jina la Yesu. Amina.